Jumatano ya marejesho

Mama mdogo si mtu wa kuomba hela. Kwa hiyo aliponipigia simu Jumanne moja jioni, mwezi wa pili, akaniuliza habari za watoto, habari za kazi, habari za mvua za Dodoma, kisha akarudia tena habari za watoto, nilijua kuna jambo. Salamu zikirefuka hivyo, mzigo uko nyuma. Mwisho akautua: "Mwanangu, kesho ni marejesho. Nimepungukiwa elfu kumi na tano."

Nikamtumia, na ya kutolea. Kisha nikakaa na aibu yangu, maana mkopo ule niliujua vizuri. Mtu aliyeupeleka kijijini kwao, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji na makaratasi makubwa yaliyobandikwa ukutani, akawafundisha wanawake habari za mtaji, faida na kuthubutu, alikuwa mimi.

Hiyo ilikuwa wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Nilikuwa nimeajiriwa na shirika moja ambalo sitalitaja. Wenzangu walikuwa watu wema, na wengi wao tunapigiana simu mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kuwawezesha wanawake wa vijijini kiuchumi, ndivyo mkataba ulivyosema, na nilikuwa na pikipiki, kofia ngumu, na imani kubwa kwamba wanawake hawa wanakwama kwa sababu mbili tu: hawana mtaji na hawajui biashara. Nikaja kugundua, tena polepole kwa aibu, kwamba biashara walikuwa wanaijua kuliko mimi. Mtaji kweli ulikuwa mdogo, ila hata huo haukuwa ndio unaowaua. Kilichokuwa kinawaua ni kalenda. Yetu, si yao.

Niwaeleze mkopo wenyewe. Shilingi laki mbili kwa kila mtu, watano watano wakidhaminiana, unarudishwa kwa wiki kumi, elfu ishirini na mbili kila Jumatano. Ukikosa, wenzako wanne wanakulipia, na kesho yake wanakuja kwako, na hawaji kukusalimia. Fedha zilitoka kwa mfadhili mwezi wa kwanza, tukazigawa mwezi wa kwanza. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwezi wa kwanza. Ndipo zilipofika.

Sasa mtu aliyekulia Singida anajua mvua kule ni msimu mmoja. Inaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, ikichelewa inachelewa, inakatika mwezi wa nne. Alizeti, mtama na uwele vinapandwa mvua zikishika, vinavunwa kuanzia mwezi wa tano. Mwezi wa pili, kwa hiyo, ghala linakaribia kuonyesha sakafu, shamba linadai palizi, na mtoto wa sekondari ameshaondoka na hela za mwisho. Ni mwezi wa kutoa. Hakuna kinachoingia. Na sisi tukaja na daftari tukasema, kila Jumatano, elfu ishirini na mbili.

Huu utaratibu wa marejesho ya kila wiki una historia yake, na si ya kijinga. Muhammad Yunus alipoanza kukopesha katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, alianza na watu kama wale wanawake waliokuwa wakitengeneza vigoda vya mianzi. Mtu wa vigoda anauza leo, kesho anauza tena. Kidogo kidogo kila wiki kinamfaa, kama kinavyomfaa mama ntilie wa Singida mjini au muuza maandazi wa stendi. Benki ya Grameen ikakua juu ya utaratibu huo, Yunus akapata Nobeli mwaka 2006, na dunia nzima ikaiga. Ikaiga mpaka siku ya wiki. Ila mkulima wa alizeti hana wiki. Ana mwaka, na mwaka wake una mdomo mmoja.

Unajua nini kilitokea? Wachuuzi wa kuku walihamisha ratiba yao. Zamani walikuwa wanapita kijijini siku ya mnada. Mkopo wetu ulipoingia, ndani ya mwezi mmoja tukaanza kuwaona Jumanne mchana, na baiskeli zao na matenga nyuma, wanapita nyumba kwa nyumba bila haraka. Walijua. Mwanamke mwenye marejesho kesho asubuhi habishani bei. Jogoo ambaye siku nyingine mwenyewe angemfukuza mchuuzi anayetaja elfu kumi na tano, Jumanne anaondoka kwa elfu nane. Kuku wa Singida ana jina mpaka Dar es Salaam, anasafirishwa juu ya mabasi, anauzwa huko kwa fahari kama "kienyeji wa Singida". Sisi, kwa mkopo wetu wa kumkomboa mwanamke, tulimshusha bei.

Mimi nilikuwa napita kwa pikipiki Jumatano kukusanya. Nilirudi na marejesho asilimia mia, nikapongezwa. Sikuwahi kupita Jumanne.

Na hapo sijasema habari za kausha damu. Wasiojua, hiyo ni mikopo ya mitaani ya haraka, riba yake inakupanda mwilini ndiyo maana ikaitwa hivyo. Waliokosa kuku wa kuuza walikwenda huko Jumanne ili walipe kwetu Jumatano. Kwenye taarifa zetu huyo ni mteja mwaminifu.

Kulikuwa na mradi mwingine kabla ya huo, wa kuku wenyewe. Kila kaya matetea kumi na jogoo mmoja, chotara, wazuri, weupe kama chaki. Tuliwagawa mwezi wa nane, tukapiga picha. Kila mwanamke akishika jogoo. Mama mmoja mtu mzima, nilimwamkia shikamoo akaitika huku anamgeuza geuza yule kuku kama anayetafuta tundu, akaniuliza, "Hawa wamechanjwa kideri?" Nikasema chanjo ipo kwenye awamu ya pili. Akanyamaza. Ukimya wa mtu mzima anayeona huna adabu ya kuuliza kabla ya kuleta.

Kideri, wengine wanaita mdondo, hupenda kiangazi. Mwezi wa tisa na wa kumi, upepo unapovuma na vumbi linapopanda, ndipo anapita. Kuku anasinzia, anaharisha kijani, shingo inapinda, na asubuhi unaokota. Waliokota. Awamu ya pili ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Kwenye taarifa ya mwaka sentensi yetu ilisomeka kwamba kuku wamegawiwa kwa kaya zote lengwa, na ilikuwa kweli, walikuwa wamegawiwa.

Ila tazama wenyewe walichofanya baadaye. Chanjo ya kideri ile ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, ni ya tone moja la jicho, na sifa yake kubwa ni kuvumilia joto, haidai jokofu muda wote kama chanjo nyingine. Shida yake ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku mia au zaidi, na kikishafunguliwa hakikai. Mwenye kuku kumi na wawili akikinunua peke yake, anatupa. Kwa hiyo wakachanga. Wakamtuma binti mmoja akafundishwe na afisa mifugo wa kata, akawa anapita kila baada ya miezi mitatu, alfajiri kuku wakiwa bado bandani, anachanja kwa shilingi chache kila kuku. Yule binti leo hiyo ndiyo biashara yake. Hakuna aliyempa mtaji wa laki mbili. Alipewa kichupa kimoja na kaya thelathini zilizokubaliana siku moja.

Fedha ya kununua kichupa cha kwanza ilitoka wapi? Sandukuni.

Habari ya sanduku nilikuwa nayo muda mrefu nikiidharau kidogo. Tulikuwa tunaita hisa, wengine kikoba, wengine wanachanganya na upatu, ingawa upatu ni kitu kingine: kule mnachanga wote mnampa mmoja, kesho mwingine, na kijumbe ndiye anayejua zamu. Sanduku ni la kuweka na kukopeshana. Mtindo wake ulianzia Niger, upande wa Maradi, mwaka 1991, kupitia shirika la CARE, na kwa Kihausa vikundi vile vikaitwa Mata Masu Dubara, wanawake wenye maarifa. Ukasambaa Afrika nzima kwa sababu haudai karibu kitu: sanduku la bati, kufuli tatu, vitabu vidogo, muhuri, mabakuli mawili.

Njoo tukae kwenye kikao kimoja. Alhamisi saa tisa alasiri, chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa. Wanawake ishirini na sita na mwanamume mmoja, mjane, ambaye wanamwita "dada" kwa utani naye anaitika. Sanduku liko kwa mtunza hazina, funguo haziko kwake. Ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu, wasio ndugu, na kila mmoja anafungua pindo la khanga lake, anatoa ufunguo, anafungua kufuli yake, anarudi kukaa. Hilo tu linachukua dakika tano. Hakuna anayeharakisha.

Kisha mwenyekiti anauliza, "Mfuko wa jamii, tuliacha shilingi ngapi?" Wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza: "Elfu arobaini na moja na mia tano!" Fedha inahesabiwa mbele yao, na watu wawili, bakulini. Elfu arobaini na moja na mia tano. "Mfuko wa hisa?" Wanajibu tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bibi mmoja wa kikundi, asiyejua kusoma, alikuwa hajawahi kuibiwa. Hesabu ya kikundi haikukaa kwenye daftari la katibu. Ilikaa kwenye vichwa ishirini na saba, na kuibadilisha ungelazimika kuwahonga wote.

Hisa moja shilingi elfu moja, kwa kikao unanunua moja mpaka tano, basi. Kila hisa muhuri mmoja kwenye kitabu chako. Kuchelewa, faini mia mbili. Simu ikilia, mia tano. Kukopa, mwisho mara tatu ya akiba yako, na unasimama unasema unakwenda kufanya nini nayo, na watu wanaokujua tangu utoto wanakuuliza maswali ambayo afisa mikopo hawezi kuyajua. "Mwaka jana ulisema cherehani. Cherehani iko wapi?"

Nilipohudhuria mara ya kwanza nilikuja na ushauri. Nikawaambia wavunje kikoba, yaani wagawane akiba yao, Desemba 20 ili watu wapate hela ya sikukuu. Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, tukivunja Desemba 20, trekta tutalipa na pilau?" Walikuwa wanavunja mwisho wa mwezi wa kumi na moja, wingu likianza kujikusanya, hela iende moja kwa moja kwenye mbegu na kulimia. Na kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa nne, mkopo wa shamba haudaiwi. Unalipwa kwa mkupuo mmoja mwezi wa saba, alizeti ikishaanikwa. Hakuna mtaalamu aliyewapangia hilo. Walilipanga kwa sababu waliokuwa wanadai na waliokuwa wanadaiwa walikuwa wanapalilia mashamba yanayopakana.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua mwaka kuliona. Walikuwepo wanawake waliokopa fedha ambayo hawakuihitaji. Mtu ana akiba, mambo yake hayajambo, anakopa elfu hamsini, anaiweka ndani, anairudisha na riba. Nikamuuliza mama mdogo, huu ni upuuzi gani? Akanijibu kama anayemweleza mtoto. Ukiwa na hela kijijini, kila mtu ana shida nayo: shemeji, mjomba, mume, msiba wa ng'ambo ya mto. Ukisema sina, wanajua unadanganya. Ukisema nina deni la kikundi, mazungumzo yamekwisha. Hata mume hasemi, maana akisema atakuta wanawake ishirini na sita uani. Riba ile ilikuwa bei ya kusema hapana bila kugombana na mtu. Mimi nilikuwa nimefundisha somo zima la "nidhamu ya fedha" kwa chati tatu za rangi.

Alizeti yenyewe sasa. Ukiuza gunia mwezi wa sita, unauza na wote, na mnunuzi anajua. Waliokuwa na sanduku nyuma yao walikopa kidogo kwa mahitaji ya nyumbani, wakafungia magunia, na wachache wakaenda mbali zaidi, wakakamua. Gunia zuri likienda mashineni linatoa kama lita kumi na sita hivi. Mwenye mashine mara nyingi anakubali kubaki na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, kama malipo, ukitaka mashudu yako unalipa fedha taslimu. Mama mdogo ndiye aliyegundua kwamba mashudu ni chakula cha kuku, na kwamba alikuwa anaacha nusu ya biashara yake sakafuni kwa mtu. Siku hizi analipa taslimu, anaondoka na mafuta na mashudu yake.

Mafuta wanayauza barabarani, barabara kuu ya Singida na Dodoma. Ukipita na basi utayaona, madumu na chupa zimepangwa juani zinang'aa kama asali. Nilimwambia mama mdogo jua linaharibu mafuta. Akasema anajua, yale ya juani ni ya kuonyesha, ya kuuza yako kibandani chini ya gunia lenye maji. Nikaacha kushauri kwa siku ile.

Nisije nikaonekana ninauza masanduku. Sanduku halikuwaokoa mwaka 2023, bei ya alizeti ilipoporomoka baada ya ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje kupunguzwa. Magunia waliyoyafungia kusubiri bei nzuri yalisubiri, na bei haikuja. Uamuzi ulifanywa mbali na mwarobaini wao, na hakuna kufuli tatu za kuuzuia. Wala sanduku halimfikii yule ambaye hata elfu moja ya wiki hana. Huyo anapita mbali na kikao kwa aibu, akijifanya anatafuta mbuzi. Na elfu moja moja haziwezi kununua mashine ya kukamulia. Kwa hilo unahitaji fedha kubwa kutoka nje.

Ambayo ipo, kisheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nayaheshimu sana mawazo yaliyozaa sheria ile. Lakini kuipata kunataka andiko la mradi, na andiko linaandikwa na kijana wa steshenari mjini kwa elfu kumi, naye ana andiko moja kwenye kompyuta yake, la ufugaji wa kuku, anabadilisha jina la kikundi. Nimewahi kusoma maandiko manne ya kata moja yenye kosa lile lile la tahajia kwenye ukurasa wa pili. Kisha Aprili 2023 mikopo yenyewe ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu ukarekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Kikundi cha mama mdogo kilikuwa kwenye foleni. Sasa wameomba upya, safari hii mashine ya kukamulia, na andiko ameandika katibu wao kwa mkono, kurasa sita. Nililisoma. Kwenye sehemu ya ratiba ya marejesho ameandika: "Mwezi wa 7, wa 8, na wa 9. Miezi mingine hatuna." Nikataka kumwambia asiandike hivyo, haipendezi. Nikajizuia.

Wiki mbili zilizopita mama mdogo alikuja Dodoma kwa macho, alikuwa na miadi hospitali. Jumatano usiku tunakula, akashika pindo la khanga lake akaruka kama aliyeumwa na siafu. Ufunguo. Yeye ni mmoja wa wale watatu, na kikao kilikuwa kesho yake saa tisa. Nikamwambia, si wavunje kufuli tu, kufuli ni elfu tatu? Akanitazama. Nikamwambia, mngeweka kwenye simu basi, siku hizi vikundi vinawekeza kwa simu, huhitaji ufunguo. Akasema simu itamwonyesha namba, na yeye anataka kuona hela.

Alfajiri tulikuwa stendi. Akaufunga ule ufunguo kwenye karatasi, juu yake plastiki, juu yake akazungusha uzi, akaandika jina la kijiji kwa herufi kubwa, akamkabidhi konda wa basi la Singida na elfu mbili ya soda. Akamrudia mara tatu jina la mama atakayepokea, na rangi ya khanga atakayovaa. Konda akasema, "Bibi, ni ufunguo tu." Mama mdogo akamwambia, "Baba, shika vizuri."

Saa kumi na moja jioni simu yake ikalia. Akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie. Sanduku limefunguliwa, hesabu imekaa sawa, hisa zake tano wamemnunulia, anadaiwa. Na faini ya kutohudhuria na ufunguo, shilingi elfu moja.

"Nimeagizwa na daktari!" akasema mama mdogo.

Upande wa pili walicheka, watu wengi kwa mpigo. "Daktari alete barua," ikasema sauti moja, "lakini faini lipa."